Kwa wenye mgongo sugu: kabla hujanunua mkanda mwingine, pita hapa

Fundi Viungo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni fiziotherapia katika hospitali ya mkoa, na sehemu kubwa ya foleni yangu ni mgongo na kiuno. Si maumivu ya juzi. Ni ya miezi, wengine miaka. Mtu anaingia na bahasha ya picha kwapani, kanyong'onyea. "Dokta, pingili zimesagika." Ukimuuliza tangu lini ameacha kuinama, anakwambia tangu apewe majibu. Maumivu yalikuwepo kabla, na alikuwa anainama vizuri tu. Kilichomgandisha ni karatasi.

Basi tuanze na hiyo karatasi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 33 za picha za uti wa mgongo, jumla watu 3,110, wote hawaumwi mgongo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari walionekana na diski (ile mito laini kati ya pingili) zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyotuna kutoka mahali pake: asilimia 30 kwa wa miaka 20, asilimia 84 kwa wa miaka 80. Nasisitiza, hawa hawakuwa wanaumwa. Kwa hiyo ukiwa na miaka 45 na ripoti ikasema diski ya L4/L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno) imechakaa, imekueleza umri wako zaidi ya ilivyoeleza maumivu yako.

Sisemi picha hazina kazi. Kuna mgongo wa kwenda hospitali leo, usisubiri Jumatatu: ganzi kwenye sehemu unayokalia farasi au baiskeli, yaani kati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila wewe kujua, haja kubwa kukuponyoka, miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hapo neva za chini zimebanwa na saa zinahesabika. Halafu kuna wa kuchunguzwa haraka: aliyeanguka kutoka juu ya mti, mwenye homa za jioni na jasho la usiku, anayepungua uzito bila sababu, aliyewahi kuugua saratani, mzee wa kiume ambaye mgongo umemuanza ukubwani na mkojo unamsumbua. Kifua kikuu kinaingia kwenye pingili, wakuu, si mapafu tu. Na wafugaji wanywa maziwa mabichi: bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba za ng'ombe, unapenda sana kiuno cha binadamu.

Ukishawatoa hao, wengi waliobaki wana mgongo ambao hauna kitu kimoja unachoweza kukionyesha kwa kidole ukasema ndicho hiki. Na maumivu yakishapita miezi mitatu, neva zenyewe zinabadilika. Ni mbwa wa ulinzi aliyeanza kwa kumbwekea mwizi, sasa anabweka hata kuku akipita uani. Kelele ni za kweli kabisa, hujazitunga. Ila ukali wake haukwambii tena ukubwa wa jeraha.

Sasa mtu kama huyu tumezoea kumwambia nini? Pumzika. Lala sakafuni. Usibebe kitu. Funga mkanda. Tangu mwaka 1986 kuna utafiti wa Marekani uliolinganisha watu wa maumivu mapya ya mgongo: kundi moja likaambiwa lilale siku 2, jingine siku 7. Waliolala siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi, na waliolala 7 hawakupata nafuu ya ziada. Karibu miaka arobaini imepita, na bado nakutana na watu walioandikiwa wiki mbili za kitandani.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Yaliyopendekezwa: elimu kwa mgonjwa, programu ya mazoezi, tiba za mikono kama kukanda, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kundi la ibuprofeni kwa uangalifu. Yasiyopendekezwa kama tiba ya kawaida: mikanda, kuvutwa kwa mashine, dawa za jamii ya mofini. Mkanda uko upande wa pili wa orodha, na bado ndio kitu cha kwanza kununuliwa.

Tuje kwenye mazoezi, na hapa ndipo watu wanapopotea. Shida kubwa ninayoiona si aina ya zoezi, ni kipimo. Siku mgongo umetulia mtu anafua nguo za nyumba nzima, anapalilia, anabeba mfuko wa simenti kwa sababu "leo niko fiti". Siku zinazofuata hawezi kuvaa soksi. Akipata nafuu anarudia. Akikaa hivyo mwaka, uwezo wake unashuka, na yeye anaapa kwamba kazi ndiyo inayomuua. Kipimo kinatakiwa kiwekwe na siku mbaya. Kama siku mbaya unaweza kutembea dakika 10, anza na 8, kila siku, mvua jua. Siku nzuri ikija usivuke 8. Wiki inayofuata ongeza kidogo. Zoezi likikuletea maumivu ya wastani, na kesho yake asubuhi umerudi ulipokuwa, hilo ni salama, endelea. Likikuacha hoi hadi kesho kutwa, hujavunjika chochote, umezidisha. Punguza, usiache.

Ninayoanza nayo mara nyingi ni haya. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio hadi mapaja na kiwiliwili vinyooke, shikilia, shusha taratibu. Kisha piga magoti na mikono sakafuni, nyosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, bila kiuno kuyumba, badilisha. Kisha lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti. Wengi wanalichukia hili, na wanaolichukia ndio wanaolihitaji. Haya mawili ya mwisho yamepewa jina kubwa na Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Kanada. Kuna na lile la Robin McKenzie, mfiziotherapia wa New Zealand: kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, kiuno kimelegea. Linawafaa zaidi wale ambao kuinama na kukaa ndiko kunakowaumiza, hasa maumivu yakishuka mguuni. Angalia maumivu yanakwenda wapi. Yakipanda kutoka kwenye shavu la mguu kuja pajani, kuja kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kwa muda, ni dalili njema. Yakishuka kuelekea unyayoni, acha, katafute mtu akuangalie.

Halafu kunyanyua. Ndiyo, kunyanyua. Huwezi kuishi Tanzania bila kunyanyua ndoo. Anza na dumu la lita 5, miguu imeachana, sukuma makalio nyuma, goti likunjike kidogo, dumu libaki karibu na mwili. Baada ya wiki kadhaa lita 10. Lengo ni ile ndoo ya lita 20, kwa sababu ndiyo maisha yenyewe yalivyo.

Maswali karibuni. Wenye "dawa ya kienyeji inaponya kwa siku tatu" mniache kwanza.

Dereva Mstaarabu

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa malori, Dar hadi Tunduma na wakati mwingine navuka. Kiuno changu kinaanza kugonga nikishapita Morogoro. Nikikaa ni shida, nikishuka dakika chache nafuu. Mkanda ninao, mto ninao, diklofenaki ninayo kwenye dashibodi. Hayo mazoezi ya kulala chini nayafanyia wapi, katikati ya barabara?

Fundi Viungo

Dereva, swali zuri. Mtikisiko wa gari na kukaa muda mrefu vyote viwili vinaitesa diski na misuli, kwa hiyo kazi yako ni kuvunja ule muda. Nyie mnasimama mizani mtake msitake, Vigwaza, Makambako, na foleni ya Tunduma tunaijua wote. Kila ukisimama usibaki kwenye usukani na simu. Shuka, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara kumi, kisha lizunguke lori lako hadi foleni isogee. Kujipinda nyuma ni lile zoezi la kifudifudi likifanywa wima. Ya sakafuni yafanye lojingi au nyumbani, mkeka tu unatosha. Kiti kisogeze usinyooshe mguu kuitafuta klachi. Na ukishafika, usirukie kufungua turubai na kushusha mzigo dakika hiyo hiyo, tembea kwanza.

Diklofenaki ya kwenye dashibodi tutaizungumza. Unameza kila siku?

Dereva Mstaarabu

Kila safari. Na sindano nikifika nyumbani.

Sista Mkunga

Naomba nimjibu kaka hapa, mimi nesi mstaafu. Mwanangu, dawa hizo kwa siku chache hazina neno kwa mtu mwenye afya. Kwa miezi, zinatoboa tumbo kimya kimya, zinapandisha presha, na figo zinaumia. Nimeona watu wamekuja na choo cheusi kama lami, hawajui ni damu ya tumboni, chanzo ni vidonge vya mgongo vya kununua dirishani. Wewe mtu wa barabarani kapime presha na figo, ulizia na tumbo. Sindano haina uganga wowote kushinda kidonge, ni dawa ile ile. Watu wanaipenda kwa sababu inachoma.

Chuma Hakiliwi

Mtanisamehe, mimi napinga. Fiziotherapia nimekwenda, hospitali siitaji jina. Kila nikifika naambiwa lala, wananiwekea taa ya joto, kisha vile viwaya vya umeme vinavyotekenya, muuguzi anaendelea na simu yake, muda ukiisha "haya baba, tuonane Jumatano". Nimelipa mpaka nimechoka. Kiuno kiko vile vile. Mnatuuzia nauli na matumaini.

Fundi Viungo

Chuma, sikupingi hata kidogo, na wenzangu wakinisoma wanune tu. Joto linastarehesha, na mimi mwenyewe nalitumia kumlegeza mtu kabla ya kazi. Lakini huo mwongozo wa 2023 niliousema, vile viwaya na ile mashine ya mawimbi ya sauti inayopakwa jeli viko kwenye orodha ya yasiyopendekezwa kwa mgongo sugu. Ulilipia kulala. Fiziotherapia yenyewe hukuipata.

Namna ya kumjua wa kweli: atakuuliza kazi yako, usingizi wako, unaogopa nini. Atakuvua shati na kukuona unavyoinama, unavyoinuka kwenye kiti, atapima nguvu za miguu na kugonga magoti. Utatoka na mazoezi machache ya nyumbani yenye idadi, na ukirudi swali la kwanza ni uliyafanyaje. Kila ujio kitu kinabadilika. Na baada ya muda atataka upunguze kuja. Akikuwekea taa kila wiki bila kukugusa, hama.

Nikupe na upande wa pili, usije ukadhani nauza muujiza. Mwaka 2021 jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, lilikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa mgongo sugu. Ukilinganisha na kutofanya kitu au matibabu ya kawaida, maumivu yalipungua kwa wastani wa alama 15 hivi kati ya 100. Hiyo ni nafuu ya maana, si kupona kwa ghafla. Anayekuahidi sifuri anakudanganya. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu anarudi kulala usiku, kucheza na mtoto, kukaa ibadani mpaka mwisho, na mgongo unabaki kuwa jambo dogo.

Chuma Hakiliwi

Hapo umeongea. Ila 15 kwa 100 kwa jasho lote hilo? 😅

Fundi Viungo

Ndiyo, na bado dawa nyingi hazifiki hapo. Mwaka 2023 Waaustralia walitoa majibu ya jaribio la dawa ya jamii ya mofini kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo: haikushinda kidonge kisicho na dawa. Paracetamol nayo ilijaribiwa hivyo hivyo, majibu yakatoka 2014, haikuharakisha nafuu ya mgongo mpya. Basi chukua 15 zako, zinakuja bila vidonda vya tumbo.

Ummu Farhat

Assalaam alaykum. Mimi niko Mombasa. Ahsante mwalimu kwa darsa. Mgongo waniuma tangu nizae kwa operesheni, mtoto sasa aenda chekechea. Kila mtu aniambia ni ile sindano ya ganzi walonichoma mgongoni, ati hiyo haiondoki, utakuwa nayo hadi kaburini. Mama mkwe ashanikataza hata kupiga deki. Ni kweli?

Fundi Viungo

Wa alaykum salaam dada yangu. Sindano ile hupita katikati ya pingili, ni nyembamba, na pale ilipoingia panaweza kuuma siku kadhaa. Tafiti zilizolinganisha akina mama waliochomwa ganzi ya mgongo na wasiochomwa hazikuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Wanaojifungua kawaida bila sindano yoyote nao wanaumwa migongo, wengi tu. Mimba inavuta tumbo mbele kwa miezi, misuli ya tumbo inaachana, kisha mtoto anakuja: unainama kumnyonyesha, unainama kumwogesha kwenye beseni, unambeba ubavu mmoja, usiku hulali.

Kwa wenye mtoto mchanga: nyonyesha ukiwa umeegemea, mtoto apandishwe kwa mto aje kwako badala ya wewe kumshukia. Beseni liweke juu ya meza. Wewe mtoto keshakua, anza na lile la kuinua makalio na lile la mikono na magoti, pumzi zitoke unapojinyoosha, usizibane. Na mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba deki ni zoezi. Anza chumba kimoja.

Ummu Farhat

😂 Hilo la deki siwezi kumwambia mimi, mwambie wewe.

Kipanga wa Kitaa

Dokta samahani kwa swali la kiutu uzima. Huku mtaani tunaambiwa kiuno kikiuma kwa mwanaume ni ngiri na nguvu zinaisha. Nimeshauziwa mizizi ya pesa ndefu. Wengine wanasema ni figo. Kipi ni kipi?

Fundi Viungo

Ngiri inayojulikana hospitali ni utumbo kuchomoza kwenye ukuta wa tumbo, kwenye kinena au kitovu. Unauona uvimbe ukikohoa. Haikai kiunoni nyuma. Figo likiuma huwa juu kidogo, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, pamoja na homa, kichefuchefu au mkojo wenye maumivu au damu, na hata ukijigeuza vipi halibadiliki. Kiuno chako kikibadilika kwa kukaa, kuinama na kuinuka, tafuta jibu kwenye misuli na viungo.

Kuhusu nguvu: mtu mwenye maumivu, asiyelala, mwenye hofu kwamba akijitikisa atavunjika, unategemea nini? Wengi hilo linarudi mgongo ukitulia. Mwambie mkeo ukweli na badilisheni mkao, yule mwenye mgongo alale chali au ubavu. Lakini kama limekuja ghafla pamoja na ganzi huko chini au mkojo kugoma, rudi juu kwenye posti ya kwanza. Na kama lilitangulia kiuno, pima sukari na presha.

Binti Cherehani

Mimi fundi nguo, nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Godoro langu limelala katikati, nimeambiwa nihamie sakafuni. Nihame?

Fundi Viungo

Usihame. Mwaka 2003 kuna jaribio la Hispania, watu 313 wenye mgongo sugu, waligawiwa magodoro: gumu sana na gumu la wastani. La wastani lilishinda. Hilo lako lililobonyea libadilishe mfuko ukiruhusu. Kwa sasa ligeuze au weka ubao chini yake. Cherehani ndiyo ya kuangalia zaidi. Nyanyua kiti usiikunjie shingo na mgongo kazi, na kila ukimaliza kipande kimoja simama, nenda kakinyooshe kwa pasi ukiwa umesimama, rudi. Panga kazi hivyo kuliko kukata nguo zote, kushona zote, kupiga pasi zote. Jioni tembea. Jaribio moja la Australia lililotoka 2024, watu 701 waliokuwa wamepona karibuni, waliopangiwa kutembea hadi nusu saa mara tano kwa wiki walikaa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, wenzao 112. Hakuna mashine hapo, ni viatu tu.

Dereva Mstaarabu

Mkuu nimerudi. Nimesimama mizani sasa hivi, nimejipinda mara kumi, tanboi wangu ananicheka. Swali la mwisho: nikianza halafu siku kiuno kikawaka kweli kweli, nipo njiani, nifanye nini bila diklofenaki?

Fundi Viungo

Mwache acheke, ana miaka ishirini. Kikiwaka, kwanza jiulize yale maswali ya ganzi, mkojo na nguvu za miguu. Kama yote ni hapana, egesha, lala chali miguu ukiiweka juu ya kiti cha lori magoti yakiwa yamekunjwa, robo saa hivi, vuta pumzi polepole. Chupa ya maji ya moto kiunoni kama unaipata kwa mama ntilie. Kisha tembea kidogo, hata kama ni kwa kuchechemea, na urudie kila baada ya muda. Siku hiyo mazoezi yapunguze nusu, usiyafute. Ukilazimika kumeza dawa, kipimo kidogo, baada ya kula, siku moja mbili, na ukishapima figo na presha kama sista alivyosema. Usiendeshe kama mguu wa breki una ganzi au hauna nguvu. Hapo mpe mwenzako usukani au lala hapo hapo, bosi utamwambia baadaye.